Kama kuna mtu anakuzidi kudizaini, kaa nae karibu

Kuna hali ambayo dizaina yeyote anaijua hata kama haisemagi. Umemaliza posta ya kwaya inazindua albamu, umeiangalia umeridhika, umetuma kwa mteja, halafu unafungua stetasi za WhatsApp unakutana na kazi ya mwenzako, mtu wa rika lako kabisa, yupo tu hapo Mafiati, anatumia Photoshop hiyo hiyo na wateja wa aina hiyo hiyo, na kazi yake imetulia mpaka ya kwako unatamani uifute. Kesho yake ukikaa mezani mkono mzito. Unafungua faili, unafunga. Mteja anapiga simu unamwambia bado kidogo namalizia, kumbe hujagusa kitu.

Naandika hii kwa ajili ya wadogo zangu mnaoanza hii kazi hapa Mbeya, na wa Iringa, Njombe na Songwe najua mpo, kwa sababu naona wengi wanaacha. Na wanaoacha sio wasiojua kazi, wengi ni wale wenye jicho zuri, yani jicho la kuona kazi ya mtu mwingine ni bora ndo hilo hilo linalowaumiza. Asiyeona tofauti haumii, anaendelea tu kuchapa. Hili jambo linanigusa sana na sipendi kuona mtu mwenye jicho anaenda kufanya biashara asiyoipenda eti kwa sababu kuna fulani anamzidi.

Mimi nimefanya kazi miaka mingi kwenye duka la uchapaji Mwanjelwa. Kadi za michango, kadi za mwaliko, fleksi, stika za bajaji, fulana za kampeni, ratiba za ibada ya mazishi, kila kitu. Nilikuwa nimezoea kwamba mimi ndo dizaina wa pale, siku moja bosi akaleta kijana kutoka Tukuyu, mdogo kwangu kwa umri, mpole, haongei. Haikuchukua muda wateja wakawa wanaingia wanauliza "yule kijana yupo?" na mimi nipo hapo hapo, nimekaa, nawaona. Nilikuwa narudi nyumbani Soweto jioni kichwa kimejaa kazi zake, sio zangu.

Baadae nilikuja kusoma kitu kikanisaidia kuelewa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kuhusu jinsi watu wanavyojipima kwa kujilinganisha na wenzao, akasema mtu hajilinganishi sana na aliye mbali nae mno kiuwezo, anajilinganisha na wale wanaokaribiana. Nikaona ni kweli tupu. Logo ya IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, ile yenye mistari 8 ilichorwa na dizaina Paul Rand mwaka 1972 na mpaka leo ipo, naiangalia naifurahia na usingizi napata. Ila kadi ya sendofu ya huyu kijana wa Tukuyu ilikuwa inaninyima usingizi. Kwa nini? Kwa sababu tunakaa chumba kimoja, tunalipwa na bosi mmoja, na ndani yangu kuna sehemu ilikuwa inasema hii na mimi ningeweza. Kwa hiyo sa hivi nikiona kazi imenichoma naichukulia kama taarifa, kwamba hapo pana kitu nimekaribia kukijua ila sijakijua bado.

Nilichofanya ni kusogeza kiti. Nikamwambia, mdogo wangu, leo sina kazi nyingi, naomba nikae nione unavyofanya. Akaona aibu, akasema "karibu dada, ila ni kawaida tu." Haikuwa kawaida, na naomba niwaeleze nilichoona maana ndo kiini cha haya yote.

Kwanza hakuwasha kompyuta. Alichukua kaunta buku na peni akaanza kumuuliza maswali mama mmoja wa kwaya aliyekuja kuagiza posta, posta itabandikwa wapi, wanaoisoma watakuwa wanapita kwa mguu au wapo ndani ya daladala, na kama mtu atakumbuka kitu kimoja tu unataka akumbuke nini. Mama akafikiria weee, akasema tarehe. Basi tarehe ikawa kubwa kuliko kitu chochote. Mimi kwa mazoea ya pale dukani mteja akileta picha za waimbaji, mchungaji na mgeni rasmi tunazipanga zote saizi moja ili asinune mtu. Yeye alimwomba mama achague uso mmoja wa kuwa mkubwa, wengine wakashuka chini wadogo wadogo, na upande mzima akauacha mtupu. Nikamuuliza hapo utaweka nini. "Hapo dada usipajaze, hapo ndo jicho linapumzika."

Fonti, yani mitindo ya herufi, alitumia mbili tu. Tofauti zote alizitengeneza kwa ukubwa na unene wa herufi, wakati sisi wengine tukitaka kitu kionekane tunaleta fonti ya tatu, ya nne, tunaweka na kivuli. Halafu kwenye neno TAMASHA akakaa muda mrefu anasogeza herufi moja moja. T na A zikikaa jirani zinaacha pengo kwa sababu ya umbo lake, ukiliacha kama kompyuta ilivyoliweka neno linaonekana limekatika T peke yake. Miaka yote nimeandika TAMASHA kwenye mabango ya mji huu na hilo pengo nilikuwa naliona bila kujua ndo linalonisumbua.

Na kuna kitu kingine ndo kilinifungua kabisa. Alikuwa na folda ya matoleo aliyoyakataa. Kuna posta yake niliwahi kuiona kwenye stetasi ikaninyima raha, faili yake ya kwanza ilikuwa ya kawaida sana, ya pili imejaa, ya tatu rangi zinapigana, na zinaendelea hivyo mpaka unafika ile niliyoiona mimi. Nilikuwa nalinganisha toleo lake la mwisho na toleo langu la kwanza. Tena kwenye mazungumzo akaniambia tangu yupo shule ya msingi alikuwa anamshikia mjomba wake kopo la rangi, mjomba anaandika majina ya maduka ukutani kwa brashi, wanapiga mistari kwa kamba yenye chaki kwanza, wanahesabu herufi, wanagawa nafasi. Yani kabla hajashika mausi alikuwa na miaka ya kuhesabu nafasi za herufi. Kile ambacho dukani tulikuwa tunakiita kipaji kilikuwa na historia ndefu, ila haikuwa inaonekana.

Kujifunza kwa kukaa pembeni sio jambo la ajabu kwetu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru huko kwa majirani zetu wa Ruvuma, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Akafariki 1972. Ni miaka kama 4 tu. Lakini ndugu na vijana waliokuwa wanakaa nae, wanamwona anavyopaka, waliendelea, na leo Tingatinga ni jina la aina nzima ya uchoraji inayojulikana nje ya nchi. Sidhani kama wale vijana hawakuwahi kujiona wadogo mbele yake, ila walibaki pale.

Sasa ukishakaa karibu usibebe neno "anajua sana" kama lilivyo, livunje. Anajua nini hasa? Ni nafasi? Ni herufi? Ni rangi, kukata picha, yani kuondoa vya nyuma abaki mtu tu, au ni kuongea na mteja? Mimi nilianza na nafasi peke yake, kila kazi iliyoingia nikawa najiuliza hapa naweza kutoa nini, vingine nikaviacha vilivyo. Baadae herufi. Ukitaka kuvishika vyote kwa wakati mmoja utarudi kule kule kwenye mkono mzito. Kuna zoezi pia linasaidia sana, chukua posta unayoihusudu uijenge upya kwako kuanzia mwanzo, ukubwa ule ule, umbali ule ule, ukifika mahali huwezi kupata ilivyo ndo umejua unachotakiwa kujifunza. Hiyo ibaki kwenye kompyuta yako tu, ni mazoezi, usiiuze wala usiipost kama yako, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo na inalinda kazi za watu, na hata isingekuwepo mwenzako atajisikiaje.

Halafu angalia na wewe una nini, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu mtu aliyetishika huwa hawezi kuona cha kwake. Mimi nilikuwa najua mashine. Nimekaa nazo muda mrefu, wino naujua, karatasi naijua. Huyu mdogo wangu alidizaini bango la duka la pembejeo kwa ajili ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, kijani yake kwenye skrini inang'aa mpaka raha, sampuli ikatoka imefifia imekuwa kama majani makavu, akashika kichwa. Nikamweleza kwamba skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu, kijani na bluu, lakini mashine inatengeneza kwa wino, sayani, majenta, njano na nyeusi, na zipo kijani kali na bluu kali ambazo wino hauwezi kuzifikia hata ufanyeje, kwa hiyo chagua rangi ukiwa umeshaweka faili kwenye mfumo wa wino tangu mwanzo. Nikamwonyesha na kuacha milimita 3 za ziada kila upande wa kadi ili kisu kikikata kisiache mstari mweupe pembeni, na kwamba kadi inayoshikwa mkononi picha yake iwe na nukta 300 kwa inchi lakini fleksi ya barabara ya Tunduma inayosomwa na dereva kwa mbali haihitaji zote hizo, utaibebesha kompyuta mzigo bure. Alikuwa anaandika kwenye ile kaunta buku yake! Kuanzia hapo tukawa tunaulizana, yeye ananiangalizia nafasi na herufi, mimi namwangalizia faili kabla halijaenda mashineni.

Vitu vya kuepuka nitavitaja haraka. Usianze kumponda mwenzako kwa wateja, eti anachukua templeti za mtandaoni, wateja wa mji huu wanajuana na itarudi. Usishushe bei ili umshinde, utajikuta unafanya kazi nyingi zisizokulipa na hupati muda wa kujifunza. Na asubuhi kabla hujaanza kazi usifungue Instagram wala Behance, ule mtandao wa madizaina kuonyesha kazi, kule watu wanaweka kazi bora walizozichagua, matoleo yaliyokataliwa yamebaki kwenye kompyuta zao. Angalia jioni, ukiwa umeshafanya ya kwako.

Je nimemfikia? Kwenye herufi hapana, na sidhani kama nitamfikia, yule ana jicho la herufi ambalo sijaliona kwa mtu mwingine hapa nyanda za juu kusini. Inaniuma kidogo bado nikiona kazi yake mpya, siwezi kusema imeisha. Ila mkono hauwi mzito tena. Sa hivi yupo kwake, ana ofisi yake ndogo, kazi za logo nikiona zinamfaa yeye namtumia mteja, na yeye kazi zote za kuchapa ananiletea mimi kwa sababu anajua zitatoka na rangi aliyoikusudia. Wateja wote wawili wanafurahi na sisi tunakula.

Kwa hiyo mdogo wangu unayesoma hii, yule mtu wako unamjua, jina lake limeshakujia kichwani. Mtafute wiki hii. Usiende na "naomba unifundishe dizaini" maana hilo ni ombi kubwa na mtu hajui aanzie wapi, ataishia kukwambia "fanya tu mazoezi." Nenda na kazi yake moja unayoipenda, muulize swali moja dogo kuhusu hiyo kazi, kwa mfano kwa nini jina aliliweka chini badala ya juu, au hii rangi ya pembeni aliipataje. Mwambie na wewe unachoweza kumsaidia, hata kama ni kumkatia picha za harusi siku kazi zikimzidi. Mkishazoeana muombe akuonyeshe faili la kazi aliyoimaliza pamoja na toleo lake la kwanza. Akikupa tengeneza nakala, zima leya zote, yani zile tabaka zilizopangwa juu ya nyingine ndani ya faili, halafu ziwashe moja moja kuanzia ya chini kabisa, taratibu, na kila ukiwasha jiulize hii imeongeza nini.