Paneli za miaka 14, umeme umepungua

Umesema mfumo wako wa paneli 20 za umeme wa jua, minyororo miwili ya paneli 10 zilizoungwa kwa mfululizo, mwaka jana ulikuwa unatoa kilowati 4.1 mchana wa jua kali na sasa ni 2.9 tu. Huo si uzee pekee. Paneli huchakaa kwa takriban asilimia 0.5 hadi 1 kwa mwaka, wala haziporomoki hivyo ndani ya mwaka mmoja.

Osha paneli kwanza, asubuhi zikiwa baridi, uangalie pia kama kuna mti uliokua ukaleta kivuli. Kisha soma kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa matumizi ya nyumbani) volti na ampea za kila mnyororo, saa sita mchana. Ampea zikiwa sifuri upande mmoja, shuku fyuzi au kiunganishi kilichoungua. Volti zikipungua kama 10 upande mmoja, pengine daiodi ya paneli moja (kifaa kinachopitisha umeme kando ya seli zenye hitilafu) imekufa: paneli ya seli 60 huwa na daiodi tatu, na kila moja hulinda theluthi ya seli, yaani theluthi ya volti za paneli.

Minyororo yote ikilingana, geukia inveta. Feni iliyoziba vumbi huifanya ipate joto na kujipunguzia nguvu, na wengi hubadilisha paneli bure kabla ya kuigusa feni hiyo.

Usichomoe kamwe kiunganishi cha paneli mfumo ukifanya kazi. Cheche yake haizimiki kirahisi. Zima upande wa gridi (umeme wa shirika), halafu swichi ya paneli. Nyaya bado zina volti zaidi ya 300 jua likiwaka, kwa hiyo kufungua visanduku mwachie fundi umeme mwenye leseni.