Ndoo ya lita 20 na swali lenu la mbio na vyuma

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Anayetaka kupunguza mafuta mwilini, ashike mbio au vyuma?" Nimeshindwa kulipita. Kila Jumamosi alfajiri hapa Dar es Salaam, kuanzia Daraja la Tanzanite hadi barabara za Temeke, watu wanakimbia wamejifunga nailoni tumboni, kisha wanapanda mizani na kushangilia kilo moja iliyopungua. Kilo hiyo ni lita moja ya jasho, na glasi nne za maji zinairudisha. Kwa hiyo nitajibu swali lililojificha nyuma ya lenu: unapopungua, kinachotoka ni nini? Mizani haitofautishi mafuta, maji na misuli.

Msimamo wangu ni vyuma kwanza. Ukila pungufu ya unachotumia, mwili unachota akiba popote inapopatikana, na misuli isiyopewa kazi huliwa pamoja na mafuta.

Mfano usionitoka kichwani ni wa mama mmoja wa klabu ya mchakamchaka. Alikuwa na kilo 84, akikimbia kilomita 5, siku nne kwa wiki. Asubuhi chai ya rangi, mchana matunda, jioni uji. Baada ya miezi mitatu mizani ilisoma 76 na wenzake wakampongeza. Lakini kiuno kilikuwa kimepungua sentimita 3 tu, goti la kulia lilimuuma akipanda ngazi, na ndoo ya maji aliyozoea kujitwisha mwenyewe akawa anasubiri kutwishwa.

Ndipo alipoanza vyuma, na ndoo hiyohiyo ya lita 20 ndiyo iliyokuwa chuma chake. Ilipigwa mistari kwa rangi ya kucha, mstari mmoja kila lita. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi hakuna haja ya kununua dambeli. Alianza na lita 6. Mfuniko ni wa lazima, kwa sababu maji yakicheza yanakuvuta upande mmoja na mgongo unapinda. Mshikio wa waya unakata viganja, kwa hiyo ulizungushiwa kipande cha kanga. Zoezi la kwanza: kukaa kwenye stuli na kusimama, ndoo imekumbatiwa kifuani, kushuka taratibu kwa hesabu ya tatu. Goti lilipouma hakuacha. Stuli iliongezewa mto ili asishuke sana, na mto ukaondolewa wiki ya tano. La pili: kuinua ndoo kutoka chini, miguu huku na huku ya ndoo, makalio yakirudi nyuma na mgongo umenyooka. Wengi hukosea hapa, wanakunja mgongo badala ya nyonga, halafu wanasema vyuma vimewavunja kiuno. La tatu: kuvuta ndoo hadi ubavuni kwa mkono mmoja, mwingine umeegemea kiti. La nne: pushapu, za ukutani kwanza, kisha za mezani, mwisho za sakafuni. Kila zoezi seti tatu za marudio 8 hadi 12, na kati ya seti mapumziko ya dakika moja na nusu. Seti inakoma pale unapoona bado ungeweza marudio mawili. Ukifikisha 12 katika seti zote tatu, ongeza lita moja. Dakika 35, Jumatatu na Alhamisi, basi.

Chakula nacho kilibadilika: mayai mawili asubuhi, maharage mchana, dagaa pamoja na ugali mdogo jioni. Protini ya gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaoulenga inatosha. Yai lina gramu 6 hivi, kwa hiyo mayai peke yake hayafiki. Dagaa wana nafasi yao. Na kwa kuwa goti lilihitaji nafuu, mbio ziligeuzwa matembezi ya haraka, dakika 40, siku tano.

Baada ya wiki 12 mizani ilisoma 75, kilo moja tu chini. Kiuno kilikuwa kimepungua sentimita 7, na ndoo iliyojaa alijitwisha mwenyewe.

Ningeishia hapo, vyuma vingekuwa vimeshinda. Lakini haki inanidai nitaje kilichofuata. Masika yalipoingia, matope yalifunga njia na matembezi yakakoma mwezi mzima. Ndoo iliendelea, chakula kilekile. Nguvu zilipanda, kiuno kikaganda palepale. Njia ilipokauka na matembezi kurudi, kikaanza kushuka tena. Kwa kuliandika hili naona nimeutia chumvi msimamo wangu. Kilo moja ya misuli iliyotulia hutumia takriban kalori 13 kwa siku. Ongeza kilo mbili za misuli, jambo linalowachukua wengi miezi mingi, utapata kalori 26, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kula kina 120. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa 2012, ulifuatilia watu wazito kwa miezi minane: waliofanya kardio, yaani mazoezi ya kupandisha mapigo ya moyo kama mbio, walipunguza mafuta zaidi kuliko walionyanyua vyuma peke yake. Waliochanganya walipunguza mafuta na wakaongeza misuli, ila walitumia muda karibu mara mbili.

Mbio nazo zisisifiwe kupita kiasi. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 anatumia kalori 400 hivi, na sahani ya chipsi mayai inazirudisha zote.

Basi, kwa mafuta peke yake, nasema miguu kwanza, kinyume na nilivyoanza. Mwenye saa nne kwa wiki atoe dakika 70 kwa vyuma, mara mbili, na 170 kwa kutembea au kukimbia. Vikiangukia siku moja, vyuma vitangulie, maana miguu iliyochoka inaharibu mkao. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza. Kwenye mchakamchaka, wa nyuma wakiacha kuitikia nyimbo, punguzeni kasi. Aliyevuka miaka 55 asikubali kuacha vyuma hata muda ukibana. Mwenye presha asibane pumzi anaponyanyua. Mwenye tatizo la figo amuulize daktari kabla ya kuongeza protini.

Pimeni kiuno kwa futi ya fundi nguo, Jumapili kabla ya chai, usawa wa kitovu, pumzi imeshatoka. Na nailoni zivuliwe: jasho lisilokauka haliupozi mwili, na kwa joto la Februari hapa Dar mtu anaweza kuanguka barabarani.