Spika mbili ndogo au sabufa kwa chumba cha futi 10 kwa 12?

Ndugu yangu, umeuliza kama laki nne yako uinunulie sabufa yenye spika tano au jozi ya spika ndogo za kuweka rafuni, nawe husikiliza zaidi taarabu asilia na dansi la zamani. Nimepitia njia zote mbili, na ninakujibu bila kusita: chukua jozi.

Sabufa yangu niliinunua kwa sababu boksi lake liliandikwa wati 5000 za PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua. Kipimo hicho hakina viwango vinavyotambulika, kila mtengenezaji hujiandikia apendavyo. Nilipokuja kusoma kibandiko cha nyuma, karibu na waya wa umeme, nikakuta mtambo mzima unakula wati 60 tu. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu ambayo mtambo huweza kuitoa mfululizo. Lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba besi ilijaa chumba kizima huku fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, zikisikika kama zinapigwa nyuma ya pazia, ilhali utamu wa taarabu umo katika sauti za kati, pale walipo mwimbaji, udi na akodiani.

Baadaye nilinunua Kariakoo jozi ya mtumba isiyo na amplifaya ndani. Dukani zilijaribiwa kwa sauti ya chini, nikaridhika; nyumbani nilipoongeza sauti, ya kulia ikaanza kukwaruza. Nilivua kitambaa cha mbele, nikagusa ukingo wa sponji unaoizunguka koni, ile sehemu inayotikisika kutoa sauti, nao ukasagika kidoleni ukawa unga mweusi kama masizi. Sponji ya namna hiyo huoza kwa umri, na joto lenye unyevu la pwani yetu huharakisha uozo huo. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Fundi alinibandikia mpya na spika hizo zinapiga hadi leo, lakini wewe vua kitambaa kabla ya kulipa, kisha usukume koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili ukisikiliza kama inakwaruza.

Ukichagua za aina hiyo, ingiza bei ya amplifaya katika hesabu, na uangalie desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ambazo spika hutoa kwa wati moja katika umbali wa mita moja, kwa kuwa yenye 84 huhitaji amplifaya yenye nguvu maradufu ili ilingane na yenye 87. Kwa bajeti yako, naona ni salama zaidi kununua zenye amplifaya ndani. Edifier R1280T, zenye wufa (spika ya besi) ya inchi 4 na wati 42 za RMS kwa jozi, zinatosha kabisa chumba chako, ingawa besi yake haishuki chini sana na simu utaiunganisha kwa waya.

Ukizifikisha nyumbani, usizisukumie pembeni mwa chumba, maana kona huivimbisha besi. Zivute hadi ukingoni mwa rafu, twita, vile vispika vya sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio yako ukiwa umeketi, na nafasi kati ya spika mbili ikaribiane na umbali wako kutoka kila moja.

Nenda dukani na wimbo wa taarabu unaoujua kwa moyo. Kama dabalbesi, ile fidla kubwa ya besi, inasikika kama mvumo tu, bila kila noti kujitenga na mwenzake, omba uwashiwe jozi nyingine.