Ukitaka Mlezi, Peleka Daftari

Tangu nilipoandika hapa kwamba Mwalimu wangu amefariki, vijana wengi wamenitumia salamu za pole, na karibu wote wanamalizia kwa swali moja: kaka, na mimi nitampata wapi mtu wa kunishika mkono namna hiyo? Nawajibu wote kwa pamoja. Ila nitamsimulia yeye kwanza, tena kwa kirefu. Kule kisiwani Ukerewe tulikomzika, mwongoza ratiba alinipa dakika chache akachukua kipaza sauti kabla sijafika popote, na roho bado inaniuma. Wasifu uliosomwa ulikuwa wa vyeo: mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati hii, katibu wa ile. Yote kweli. Lakini mimi sikulelewa na vyeo vyake.

Alitufundisha Hesabu na Fizikia katika mojawapo ya zile shule za kata zilizojengwa kwa wingi wakati wa MMES, mpango wa sekondari ulioanza mwaka 2004. Shule yetu ilikuwa juu ya mawe, kama ilivyo nusu ya Mwanza, na mwalimu wa sayansi alikuwa yeye tu.

Mama yangu aliuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Anayeijua biashara hiyo anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, mitumbwi inabaki ufukweni. Siku hizo nyumbani hakuna hela kabisa. Ada ya shule ya kutwa ya serikali, kabla haijafutwa mwaka 2016, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Leo mtu ataiona ndogo, lakini juu yake kulikuwa na mchango wa dawati, wa mlinzi, wa mitihani, na ukishindwa unatajwa jina mstarini, unarudishwa nyumbani wenzako wakikutazama. Mwalimu alizaliwa kisiwani, mambo ya mwezi aliyajua. Majina ya wadaiwa yakisomwa wakati wa mbalamwezi, alikwenda ofisini kutuombea sisi watoto wa Mwaloni tusubiriwe mpaka giza lirudi. Giza likirudi alikuja mwenyewe hadi kwenye chanja za mama, anamsalimu kwa heshima zote, anaulizia hali ya ziwa, halafu ndipo anamkumbusha ada. Hakuwahi kumlipia hata senti. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza sababu. Akasema, "Mama yako alikuwa na uwezo wa kulipa. Alichokosa ni mtu wa kumsubiri."

Nimeyatafakari maneno hayo kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikia.

Jioni alitukusanya kanisani kwao, kwa sababu pale palikuwa na umeme na wengi wetu majumbani tulitumia koroboi. Alianza kwa sala fupi, akashika chaki. Tulikuwa na wenzetu Waislamu. Adhana ya Magharibi ikisikika kutoka mtaa wa chini, aliweka chaki mezani, wao wanakwenda kuswali, sisi tunapitia tulichoandika, na hakugusa jambo jipya mpaka warudi. Wapo waumini walionung'unika kwamba nyumba ya Bwana imegeuzwa darasa la kila mtu. Alikwenda kikaoni, akarudi, darasa likaendelea, na kwetu hakumsema vibaya hata mmoja wao.

Imani yake ilikuwa ya miguu. Alisomea ualimu Butimba, na miaka yote iliyofuata alirudi Butimba Jumapili mchana, safari hizo akienda gerezani, na kikapu cha sabuni na Biblia. Siku moja aliniambia nimbebee kikapu. Nilidhani njiani atanihubiria. Tulipopanda daladala kurudi aliniambia nitazame nje, nikadirie mwendokasi kwa nguzo za umeme tulizokuwa tunazipita. Nikakosea, akanifanyisha tena hadi tukashuka. Leo mimi ni mhandisi wa umeme. Nasema hivyo bila kujificha, kwa sababu shule yetu haikutarajiwa kumtoa mhandisi, na ametoka.

Sasa swali lenu. Mwalimu hakuwa na utaratibu wa kuchagua vijana wa kuwalea. Hakumwita mtu. Wewe ulimwendea, na ulimwendea na daftari. Mara ya kwanza nilipomfuata kumwambia nataka anisaidie, alinipa maswali akasema nirudi nikiwa nimeyafanya. Wengi walipewa maswali kama yale. Wengi hawakurudi. Mimi nilirudi, nayo majibu yangu mengine yalikuwa ya hovyo, akaniongezea mengine. Baada ya muda akanipa kijana wa kidato cha pili, akasema kila ninachokielewa nimfundishe huyo kabla wiki haijaisha. Ile 2 Timotheo 2:2, Paulo anapomwagiza Timotheo awakabidhi watu waaminifu aliyoyasikia ili nao wawafundishe wengine, Mwalimu aliichukua kama ratiba ya kazi.

Kwa hiyo wewe unayenitumia ujumbe saa sita usiku ukiniomba niwe mlezi wako: umefanya nini ambacho naweza kukisahihisha? Nionyeshe. Kama ni mchoro, leta mchoro. Kama ni barua ya kuomba kazi, iandike kwanza. Halafu rudi. Ukifeli rudi useme umefeli, kwa sababu mlezi anachoka na mtu anayepotea kuliko anavyochoka na mtu anayekosea. Na msiwatafute watu wa mbali wenye majina. Aliye karibu nawe, anayekuona ukipita kila asubuhi, huyo ndiye atakayejua mwezi wako umekuwa mkubwa.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa uchungu. Mlezi anazeeka. Mwalimu aliugua kisukari kwa miaka, na mwishoni alilazwa hospitali ya Bugando wiki nyingi. Yupo mwenzetu mmoja, simtaji, ambaye Mwalimu alimpenda kuliko sisi wote na alimwandikia barua zilizomfikisha alipo. Hakuja wodini hata mara moja. Siku ya kusafirisha mwili alifika bandarini na gari kubwa, akapiga picha na jeneza kabla meli ya Nansio, kule Ukerewe, haijaondoka. Ndugu zangu, msiwafanyie hivi wazee wenu. Mpeleke kliniki. Jua dawa zake zinaisha lini. Kaa naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe. Yeye alikusubiri ulipokuwa hujui hata kugawanya sehemu, unashindwaje kumsubiri foleni ya vipimo? Unayesema Mungu alikuinua, mtu aliyetumwa kukuinua alikuwa na jina na namba ya simu.

Darasa la jioni halijafungwa. Tuliosoma pale tumegawana siku: Hesabu ni Jumanne, mimi nina Fizikia Alhamisi, na kanisa limeturuhusu kuendelea, wenzetu wa Kiislamu wakija kama zamani. Tumekwama Kemia. Kama uko Mwanza na Kemia ya kidato cha tatu unaimudu, Jumatano ni yako, kuanzia saa kumi na moja jioni. Chaki ipo.