Mtumbwi unavuja na bei zinapanda: kabla hujachukua mashine, fungua daftari

Mkuu nimekusoma vizuri. Una mtumbwi wa mbao futi 22 pale bwawa la Nyumba ya Mungu, umeanza kuvuja, fundi amekutajia bei ya mbao ukashtuka, na kuna mtu anakusukuma uchukue mkopo sasa hivi ununue boti ya faiba na mashine ya nguvu farasi 15 kabla bei haijapanda tena. Mimi naishi Pasua hapa Moshi, chombo changu kiko upande wa Lang'ata, na hicho unachotaka kufanya nilikifanya 2022. Kiliniumiza sana, kwa hiyo nitakuandikia kirefu, naomba unisome mpaka mwisho hata kama una haraka.

2022 unaikumbuka. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei mpya ya mafuta roho inadunda, Agosti petroli kwa Dar peke yake ikafika shilingi 3,410 kwa lita, sasa wewe ongeza usafiri mpaka huku kwetu, halafu ongeza faida ya yule anayeuza kwenye madumu kule bwawani, mimi nilikuwa nanunua lita moja kwa 3,600. Mbao zinapanda, nyavu zinapanda, misumari inapanda. Nikajiambia kama kila kitu kinapanda basi na mashine itapanda, nisipochukua leo mwezi ujao sitaiweza tena. Hilo wazo ndilo lililoniponza, na nikisoma ulivyoandika naliona liko kichwani kwako hivi sasa. Sikujiuliza mashine inakuja kunifanyia kazi gani, nilikuwa naikimbia bei tu.

Nikakopa milioni tatu, marejesho 310,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, nikanunua mashine ya 15 iliyokwisha kutumika, tustroki, kwa milioni mbili na laki sita, iliyobaki ikaishia kwenye tangi, oili na kumlipa fundi wa kuifunga. Siku ya kwanza kiukweli nilifurahi mno. Mahali tulipokuwa tunapiga kasia dakika arobaini na tano tukafika kwa dakika kumi na kitu, vijana wanacheka, na mimi nikaona sasa maisha yamebadilika.

Mimi nina tabia ya kuandika. Nina kaunta buku moja imejaa magamba ya perege kwenye kurasa, naandika kilo, bei, siku tuliyotoka na siku tuliyolala. Baada ya mwezi nikakaa na mama watoto usiku tukaanza kupiga hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Kabla ya mashine tulikuwa tunatoka na wastani wa kilo 18 kwa siku, perege wengi na kambale wachache. Na mashine tukawa tunapata 22. Kwa hiyo kilichoongezeka ni kilo nne, na pale mwaloni, tunaposhushia samaki, nilikuwa nauza kilo moja kwa 5,000, hiyo ni 20,000. Sasa upande wa pili, kwenda kutega jioni na kurudi, kwenda kuvuta alfajiri na kurudi, tulikuwa tunachoma lita tano, 18,000 hiyo. Tustroki lazima uchanganye oili, mililita 20 kwa kila lita, kwa lita tano ni mililita 100, na oili nilikuwa nanunua lita moja kwa 12,000, kwa hiyo 1,200 nyingine. Jumla 19,200. Toa kwenye 20,000 inabaki mia nane. Mia nane kwa siku mkuu, na hapo sijagawana na vijana, sijanunua plagi, na nadaiwa 310,000 mwisho wa mwezi. Mama watoto aliuliza swali moja tu, "baba, sasa hilo rejesho tunalitoa kwenye nini?" Sikuwa na jibu, na miezi iliyofuata tulilitoa kwenye ada ya mtoto.

Kwa nini kilo hazikuongezeka? Kwa sababu nyavu zilikuwa zilezile. Mashine haivui, inakupeleka tu haraka kwenye nyavu zako. Kama nyavu zako nusu zimechanika kwenye visiki, na unatega sehemu ileile ambayo kila mtu anatega, utafika mapema na utakuta samaki walewale. Mimi kilichokuwa kinanibana hakikuwa umbali, na hapo ndipo nataka wewe uanzie kabla ya kuwaza faiba au mbao. Jiulize siku ukirudi na samaki wachache huwa ni kwa sababu gani. Ni kwamba ulishindwa kufika kule waliko? Au ulifika ila nyavu zimeoza? Au samaki ulipata ila jua likakuwahi ukauza bei ya kutupa? Hayo ni matatizo matatu tofauti na mashine inatibu moja tu.

Sasa na hili la chombo chenyewe. Wiki ya tatu tangu nifunge ile mashine tulikuwa tunarudi alfajiri, upepo kidogo, mawimbi sio ya kutisha, nikasikia mlio kule nyuma kama kuni kavu inavunjwa gotini. Nageuka naona mashine imeinama, ubao unaoibeba umepasuka kutoka juu mpaka karibu na maji, na kila ikitetemeka ule ufa unafunguka na kufunga, maji yanaingia. Nikazima. Kijana mmoja akaikumbatia ile mashine isizame, mwingine anakumba maji na kopo, mimi nikapiga kasia mpaka nchi kavu na mikono inatetemeka, na hatukuwa na jaketi okozi hata moja. Nikiikumbuka ile asubuhi bado tumbo linanicheza, wale vijana ni watoto wa watu na wazazi wao nawajua.

Fundi mmoja mzee aliyekuja huku kutoka Tanga miaka mingi akaja kuutazama akaniambia, "Baba, huu uliundwa kwa kasia. Nani alikwambia uutwike mashine?" Akanionyesha kule nyuma, tezini kama wanavyosema wao watu wa pwani, ubao ule ulikuwa umeshikwa na misumari pembeni tu, hakuna taruma, yaani ubavu wa mtumbwi, iliyokuja kuukamata kutoka ndani. Mashine inasukuma na inatetemeka muda wote, kwa hiyo lazima nyuma kuwe na ubao mnene na magoti ya kuufunga kwenye mbavu za mtumbwi, la sivyo unapasua chombo kidogo kidogo bila kujua. Kwa hiyo mtu akikwambia "funga tu mashine kwenye huohuo" muulize kwanza nyuma kumeundwaje. Na kitu kingine, mtumbwi wa zamani uliokunywa maji ni mzito kuliko unavyofikiri, mashine ileile kwenye chombo kizito inakunywa mafuta zaidi.

Nikaiuza ile mashine mwanzoni mwa 2023 kwa milioni mbili na laki moja. Laki tano zilikwenda hivihivi, achilia riba na achilia ufa. Hela ile sikuipeleka yote kwenye deni, nilitenga 780,000 nikaiweka kwenye mambo matatu. Kwanza mtumbwi, tukautoa majini, tukaupindua, ukakauka wiki mbili kabisa. Ukiukausha ndio unauona ukweli. Chukua bisibisi ugonge ubao mmoja mmoja na uuchome taratibu, ulio mzima unakurudishia mlio mkavu na bisibisi haizami, uliooza unaingia kama mkate uliolowa. Angalia misumari, ukiona duara jeusi kuuzunguka msumari ujue kutu imeshakula ubao kuanzia ndani hata kama juu rangi inang'aa. Mimi nilidhani nusu ya chombo imekufa, kumbe mbao mbaya zilikuwa tano, zote zile za chini zinazolala kwenye tope. Tukabadilisha hizo, misumari mipya, pamba ikapigwa upya kwenye maungio yote, rangi. Kabla ya ukarabati tulikuwa tunakumba makopo kama arobaini kwa safari, baada ya hapo mawili matatu. Hiyo ya makopo nakushauri uihesabu wewe mwenyewe wiki nzima uandike, maana "unavuja" ni neno tu, makopo ndio yanakwambia unavuja kiasi gani na kama unaongezeka.

Pili nyavu, nikatupa zile za viraka nikanunua nzima, zenye macho ya halali, na tafadhali sana usije ukashawishika na zile za nyuzi moja kwa sababu ni rahisi, zimepigwa marufuku, zikikamatwa zinachomwa na zinamaliza watoto wa samaki ambao ndio mtaji wetu wa mwakani. Tatu, boksi la barafu. Hili ndilo lililonitoa. Nilikuwa nauza mwaloni 5,000 kwa sababu mchuuzi anajua fika kwamba saa nne jua likiwaka sina ujanja. Nilipopata barafu nikaongea na mama mmoja anayeuza soko la Mbuyuni hapa Moshi, pikipiki inaondoka alfajiri, samaki wanafika Moshi bado wabichi kabisa, akanipa 6,500. Kilo zilezile 18 mara 1,500 ni 27,000 za ziada, toa barafu na pikipiki 11,000, inabaki 16,000 kwa siku. Linganisha na ile mia nane.

Lakini sisemi mashine ni mbaya wala faiba ni mbaya, nisieleweke vibaya. Kuna mtu pale jirani yangu anatega mbali sana kule maji yanakoingia kutoka mto Kikuletwa, kwa kasia ni zaidi ya saa moja na nusu kwenda, huyo mashine inamlipa kabisa. Kiangazi pia maji yanarudi nyuma mno, bwawa hili ni la umeme na umwagiliaji, maji yanashuka na kupanda na sehemu za kutega zinahama, kwa hiyo pima umbali wako wa mwezi wa kumi, sio wa Mei. Na upepo wa mchana ukikukamata katikati na kasia ni hatari, hapo ni suala la uhai. Kama vijana wako wanahatarisha maisha basi hesabu za kilo tuziweke pembeni, ila anza na jaketi okozi, hizo nunua wiki hii hata kabla ya ubao mmoja.

Faiba ni nyepesi, haiozi, hainywi maji. Ila rezini na mati, yaani gundi na nyuzi zinazoundia faiba, zinatoka nje, zinanunuliwa kwa dola, ndio maana bei inaruka. Na hapa nikuondoe ile hofu kidogo. 2024 dola ilipanda mpaka kwenye shilingi 2,700 watu wakawa wanasema haitashuka kamwe, kufika Disemba ikawa kwenye 2,400. Mimi niliulizia boti ya faiba Septemba mwaka ule, Januari nikaulizia palepale nikatajiwa bei ya chini. Sio kwamba itashuka kila mara, hapana, mara nyingi inabaki juu, ila huyo anayekwambia "leo au kamwe" anauza kitu.

Mkopo ndio naogopa zaidi. Bwawa hili limeshawahi kufungwa wavuvi wakae kando samaki wazaliane, na mimi naunga mkono maana tuliona tofauti, lakini marejesho hayafungwi. Kuna siku za mbalamwezi, kuna wiki za upepo, mimi kwa mwezi natoka siku 20 nikijitahidi. Kwa hiyo rejesho lako ligawe kwa 20 sio kwa 30, halafu uone kama hiyo hela ipo kwenye mfuko kila asubuhi. Kama lazima ukope basi nenda kwanza halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato yao wanayokopesha vikundi, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na imerudi, haina riba. Ongea na BMU yenu, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi hapo kwenu, wakupe utaratibu, na serikali ilishaleta boti za faiba za mkopo usio na riba kupitia TADB, ile Benki ya Maendeleo ya Kilimo, ulizia kama awamu nyingine inawafikia na ninyi wa mabwawa. Itakuchosha kwa vikao na sahihi lakini bora uchoke miguu.

Mimi ningekuwa wewe mwezi huu ningeupindua tu ule mtumbwi. Usimlipe mtu chochote bado. Ukikauka chukua bisibisi, weka alama ya chaki kila ubao unaozama, halafu piga picha mbili, moja ya chini yote na moja ya nyuma kwa ndani ionyeshe taruma zimekaaje, uziweke hapa. Zikizidi theluthi ya mbao nitakwambia wazi usitupe hela kwenye maiti, tuanze kuongelea faiba na kiasi cha kuweka akiba kila siku ya soko. Jumamosi ijayo nashuka Lang'ata na yule fundi wa Tanga bado yupo, ukiwa karibu sema nije naye tuutazame, yeye kutazama hachaji, mletee tu tumbaku.