Kijiti Kwenye Mchanga wa Alfajiri

Miaka mitatu iliyopita usingizi ulinikimbia. Nilikuwa nimemzika mama, na kila ikifika saa 9 usiku macho yalifumbuka yenyewe, moyo ukidunda kana kwamba kuna mtu ameniita. Nilipochoka kukodolea dari, nikaanza kutoka alfajiri kwenda ufukweni.

Wiki ya kwanza sikupata chochote. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo wanaokwenda mara mbili tu, wanarudi na mzigo ule ule, basi wanakata tamaa. Mimi nilitembea harakaharaka, simu mkononi, nikisoma ujumbe huku mawimbi yakipiga kando yangu. Miguu ilikuwa mchangani, akili imebaki kitandani.

Kilichonisaidia ni kijiti. Siku moja nilikichomeka pale wimbi lilipoishia, nikitaka tu kujua kama maji yanajaa au yanapwa. Ilinibidi nikae kitako. Wimbi moja halikuambii kitu: hili linakipita kijiti, lile linaishia hatua mbili nyuma, la tatu linakilamba tu. Baada ya kama robo saa kijiti kilikuwa kimesimama peke yake kwenye mchanga uliolowa, na karibu yake kaa mdogo ametoka shimoni amekumbatia mchanga kwa gando. Akautupa, akasimama macho juu, akazama tena. Alifanya hivyo mara nyingi sana, nami nikamtazama mara zote. Ndipo nikashtuka: kwa muda wote ule sikuwa nimewaza jambo jingine. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: usiende baharini kuvizia utulivu. Ukiuvizia, kila dakika utajiuliza kama umeshafika, na swali hilo lenyewe ni kelele. Yape macho kazi ndogo. Kijiti kinatosha.

Simu iache nyumbani. Kama huna budi kuibeba kwa usalama, izime uitie mfukoni.

Nenda kabla jua halijachomoza. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo mwepesi hutoka bara kwenda baharini. Huo ndio upepo uitwao umande. Ukikaa umetazama maji utausikia mgongoni, na siku zisizo na upepo mkali wa msimu maji ya karibu na ufuo hulala kama kitambaa kilichonyooshwa. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto, upepo hugeuka na bahari huanza kuchafuka. Saa ile ya ukimya ni fupi, usiilalie.

Jifunze pia ratiba ya maji. Pwani nyingi hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kujaa hupita kama saa 12 na dakika 25. Maana yake kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Alfajiri uliyoyakuta yamejaa, baada ya wiki moja saa ile ile utakuta yamekupwa. Hili lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nikitaka kila asubuhi inipe faraja ya jana, na isiponipa naumia. Nilipojua kwamba ufuo wenyewe haufanani siku mbili mfululizo, niliacha kuidai.

Tahadhari moja: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji hupwa mbali na kurudi kwa nguvu. Usikae kwenye miamba siku hizo bila kujua saa za maji. Mimi niliwahi kuzungukwa, nikarudi nimelowa hadi kiunoni nikitetemeka. Na mtu wa nyumbani ajue uliko.

Usingizi wangu haukurudi kwa siku moja. Ulirudi kidogo kidogo. Sasa naamka saa 11, si saa 9 tena. Mama bado namkumbuka, hasa maji yanapokuwa kimya kabisa, na siku hizo hulia kidogo pale pale nilipokaa. Kijiti cha kwanza kilichukuliwa na maji zamani. Kila nikifika naokota kingine.