Usimpeleke mama mkwe kwa mshauri nasaha!

Mleta mada, weka simu chini kabla hujamjibu huyo mshauri wako. Umetafuta mtoto miaka, usingizi umekata, unalia bafuni, halafu mtu anakwambia tiba ya maongezi "kwa mila zetu" lazima mama mkwe akae pembeni yako? Na umekubali, unatuuliza tu bei na kituo cha karibu na Mbagala! HAPANA.

Mimi mshauri wangu alitafutwa na wifi. Mama mtu mzima, kilemba safi, maneno matamu: "Mwanangu, Mwafrika haponi peke yake." Nikafunguka, mama mkwe yuko pembeni. Nikasema nimeshapigwa mpaka picha ya mirija ya uzazi, ila mume hataki kupima mbegu. Mama mkwe ametulia kama maji mtungini. Wiki haijaisha kikao cha ukoo kikakaa Temeke, ajenda ni mimi: namdhalilisha kijana wao. Mume akahamia sebuleni, mimi chakula hakipiti. Na soda za kikao nilinunua mimi, msicheke.

Yule mama mshauri bado nina hasira naye. Mila gani ya kumvua mtu nguo mbele ya mkwewe? Mwali anafundwa na somo yake, tena mlango umefungwa. Nani aliwahi kumwita mama mkwe aje kusikiliza? Zimbabwe wana Friendship Bench, daktari wa akili Dixon Chibanda aliianzisha 2006: bibi aliyefunzwa anakaa nawe kwenye benchi la kliniki, mnachambua tatizo moja moja. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha dalili za sonona zilipungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Hiyo ndiyo tiba ya kwetu. Lakini ni bibi wa kliniki, jamani, siyo bibi wa mumeo!

Ingia PEKE YAKO. Swali la kwanza: "Nitakayosema hapa atayasikia nani?" Akianza kuzungukazunguka, beba mkoba wako. Mume atakuja baadaye, ukitaka wewe, na apime, maana karibu nusu ya visa vya ugumba mwanaume naye anahusika. Ila kama unawaza kujidhuru, usisubiri miadi yoyote, nenda hospitali leo hii.

Bei watakutajia wengine. Mimi unijibu moja tu: siku ya miadi umeshamwambia mama mkwe, au bado?